Chevrolet Yenye Sauti ya Pajero

Mbele ya Capitolio ya Havana, Cuba, jengo la bunge lenye kuba kubwa lililofunguliwa mwaka 1929, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 hujipanga mstari kungoja watalii. Mengi hayana paa. Yana rangi ambazo kwetu mtu huzitafuta kwenye duka la khanga: waridi, zambarau, samawati, manjano ya embe bivu. Cadillac imesimamisha mapezi yake ya nyuma yenye taa nyekundu zilizochongoka. Buick ina tundu tatu tatu ubavuni mwa boneti, tundu ambazo kazi yake kubwa ni urembo. Madereva wamevaa kofia za ukindu na mashati meupe, na kila mmoja ana kitambaa mkononi, anafuta vumbi ambalo bado halijatua.

Nilichagua Chevrolet Bel Air ya 1957, ya waridi, kwa sababu ndiyo niliyoijua kwa picha. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ambako gari jipya la jirani ni Toyota iliyokwisha kutumika Japani, kukaa kwenye kiti cha mbele kisichogawanyika, wakaapo watu watatu bila kugusana mabega, ni jambo la kustaajabia. Usukani ni mkubwa na mwembamba. Kigingi cha gia kiko pembeni mwa usukani. Dereva akazungusha ufunguo, nami nikajiweka tayari kusikia ule mngurumo mzito wa silinda nane tunaousikia kwenye filamu.

Nikasikia Pajero.

Tuliteremka Paseo del Prado chini ya miti yake, tukaingia Malecón, barabara inayoambaa na ukuta wa bahari, na ile sauti haikubadilika: kugongagonga kwa dizeli, mtikisiko mdogo kwenye kioo cha pembeni kila gari lilipopunguza mwendo, harufu ya moshi niliyoizoea tangu utotoni kwenye stendi za mabasi. Watalii waliotupita kwenye gari jingine la wazi walikuwa wanapiga picha huku wanapiga kelele za furaha. Sidhani kama walisikia chochote.

Tuliposimama kutazama bahari nikamwomba dereva, kwa msaada wa kijana wa nyumba niliyopanga, anifungulie boneti. Nilifikiri ataona haya. Alifungua kwa fahari kabisa. Ndani mlikuwa na injini ya dizeli ya Hyundai, ya ukoo mmoja na 4D56 ya Mitsubishi, ile ya Pajero na L300 zilizojaa kwetu. Ilikaa peke yake katikati ya chumba kilichojengwa kupokea V8 ya hadi lita 4.6, na pande zote mbili palibaki nafasi kubwa ya wazi, lami ikionekana chini. Vishikio vyake vilichomelewa kwa mkono kwenye chesisi. Bomba la radieta lilikuwa la gari jingine, feni ya gari jingine. Nikauliza injini ya asili iko wapi. Alicheka, akasema hilo ni swali la kumuuliza babu yake.

Sababu ya kwanza ya hali hii inajulikana. Marekani ilianza kuiwekea Cuba vikwazo vya biashara mwaka 1960, na Februari 1962 ikafunga karibu kila kitu. Magari yalibaki kisiwani, spea zikabaki ng'ambo ya pili ya bahari, Florida, mwendo wa saa moja hivi kwa ndege. Kwa muda injini za Kirusi zilisaidia: ya Volga iliingia kwenye Plymouth, ya lori ikaingia kwenye Buick. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta nayo yakakatika, na ndipo gari la silinda nane likawa mzigo usiobebeka. Dizeli ilikwenda mbali kwa lita moja, na ilikuwa rahisi kuipata kwa njia zisizoulizwa maswali. Peugeot, Mercedes, Perkins, Isuzu, Toyota, Hyundai: kila injini ya dizeli iliyotoka kwenye gari bovu au lori la shirika ilipata boneti ya Kimarekani ya kujificha chini yake.

Sababu ya pili sikuijua kabla ya kufika. Hadi mwaka 2011, gari ambalo Mcuba aliweza kuliuza na kulinunua kwa uhuru lilikuwa lile lililokuwapo nchini kabla ya mapinduzi ya 1959. Lada au Moskvich aliyopewa daktari au mhandisi kwa kazi njema ilibaki kwake; kuiuza hakukuruhusiwa. Hata milango ya kununua magari mapya ilipofunguliwa Januari 2014, bei zilizobandikwa kwenye maduka ya serikali ziliwafanya watu wacheke kwa uchungu: Peugeot 508 ilitajwa kuwa dola 262,000. Kwa hiyo Chevrolet ya 1952, hata ikiwa na kutu, hata ikiwa haina injini kabisa, ilikuwa na kitu ambacho magari mengine hayakuwa nacho, yaani karatasi za kuuzika. Ukitazama hivyo, unaelewa kwa nini bodi hutunzwa kama kiwanja chenye hati na injini hubadilishwa kama betri ya saa.

Haya ya mbele ya Capitolio ni magari ya maonyesho. Yanayofanya kazi ya mji huyaoni kwenye kadi za posta. Wenyeji huyaita almendrón kwa lile umbo lao la lozi, nayo ndiyo daladala zao. Yana njia maalumu na nauli inayojulikana, na abiria husimama pembeni mwa barabara akionyesha kwa vidole upande anaokwenda. Hakuna kondakta wala mpiga debe. Hakuna maandishi ya mbwembwe kwenye kioo cha nyuma. Nilipanda moja Mtaa wa Neptuno kuelekea Vedado, Dodge nyeusi iliyopakwa rangi kwa brashi. Kiti cha asili cha nyuma kilikuwa kimesogezwa, na kingine kikaongezwa katikati, kwa hiyo tulikaa safu tatu. Ndani muziki wa regeton ulitoka kwenye spika zilizofunikwa kwa kitambaa cha pazia. Mpini wa kufungulia kioo ulikuwa mmoja kwa gari zima. Ulilazwa kwenye dashibodi, na aliyetaka hewa aliuomba, akazungusha, akaurudisha.

Lakini kitu cha kuzingatia zaidi kwenye almendrón ni mlango. Mgeni akishuka na kuubamiza, dereva hugeuka kana kwamba ametukanwa mama yake. Wenyeji huufunga kwa mikono miwili, polepole, mpaka kitasa kilie. Bawaba zile ni za miaka sitini na zaidi, na chuma cha mlango mmoja kinaweza kuwa na uzito wa milango mitatu ya Vitz. Kwetu kondakta hupiga bodi kwa kofi kumwambia dereva aondoke. Nilijaribu kuwaza kofi hilo likitua kwenye Dodge ya Neptuno na sikuweza.

Siku moja yule kijana alinipeleka Cerro, mtaa wa watu wa kawaida wenye nyumba ndefu zilizobanduka lipu, kwa fundi aliyefanya kazi zake kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya dada yake. Palikuwa na mwembe, pipa la maji, mashine ya kuchomelea ambayo yeye mwenyewe aliisuka waya zake, na Chevrolet ya 1952 iliyoinuliwa juu ya magogo. Fundi alikuwa mzee mwembamba, mkimya, wa aina ile ile ya mafundi wetu ambao hawajibu mpaka wamalize kukaza nati.

Hapa ndipo nilipoelewa hesabu. Injini ya asili ya gari lile ilikuwa pembeni, chini ya gunia: silinda sita kwa mstari, lita tatu na nusu, nguvu za farasi 92 ilipokuwa mpya. Mzee alichukua mkono mmoja wa pistoni akanionyesha tundu lake la chini. Injini za leo hupachikwa vipande vyembamba vya beringi ambavyo fundi hununua kwenye boksi na kubadilisha kwa saa chache. Mkono huu hauna kipande. Metali laini nyeupe iliyeyushwa na kumiminwa moja kwa moja ndani ya chuma, kisha ikakerezwa mpaka ikalingana na shafti. Ikilika, lazima iyeyushwe na kumiminwa upya, na anayejua kuimimina na kuikereza kwa usahihi ni lazima awe na mashine, metali yenyewe, na mwalimu aliyemfundisha. Mzee alisema Havana wapo, lakini anayewahitaji na awe na subira, na awe na fedha. Wakati huo huo mwenye gari ana watoto, na gari linatakiwa barabarani.

Basi wameamua kufunga dizeli, na hapo ndipo mambo yanapoanza kufuatana. Mtu akisema "nabadilisha injini" hudhani anabadilisha kitu kimoja. Chevrolet za miaka ile zilikuwa na umeme wa volti sita. Stata ya dizeli inataka kumi na mbili, kwa hiyo waya zote, taa na jenereta vinakwenda. Propela shafti ya gari lile haionekani, imefungiwa ndani ya bomba nene linalounganisha giaboksi na difu, na bomba hilo ndilo linalosukuma gari mbele. Ukileta giaboksi ya Hyundai, bomba halina pa kushika. Inabidi uondoe ekseli nzima ya nyuma, ulete nyingine, uchomelee vikalio vya springi upya. Kisha kuna waipa. Gari lile halikuwa na mota ya waipa. Zilivutwa kwa ule mfyonzo wa hewa unaotokea kwenye manifoldi ya injini ya petroli. Injini ya dizeli haina mfyonzo wa namna hiyo. Mvua ya kwanza ikinyesha, dereva asiyejua atashangaa kuona vijiti vimekufa kwenye kioo. Mzee alikwisha kutoboa tundu mahali pa kuweka mota ya Lada.

Nikauliza kuhusu breki. Ngoma nne, silinda kuu moja, mrija mmoja kwa magurudumu yote. Ukipasuka popote, unabaki na handbreki na dua. Alisema hilo nalo atalibadilisha, vifaa vikipatikana. Hapo sikuridhika, na nadhani alijua. Gari zito linaloongezewa injini yenye msukumo mwingi, na safu ya tatu ya viti, lingetakiwa kuanza na breki. Lakini hata Gerezani, kwenye gereji zetu za Dar es Salaam, sijawahi kumwona mteja anayeanza na breki.

Nilikuwa nikiutazama ua ule na kumfikiria mjomba wangu wa Lushoto. Alikuwa na Land Rover 109 iliyopandisha mbolea na kuteremsha kabichi kwenye kona za Mombo kwa miaka mingi. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilichoka na kuwa na kiu kuliko faida ya kabichi. Fundi wa Mombo akamtafutia injini ya dizeli ya Toyota 2L kutoka kwenye Hiace iliyopata ajali, akakata sahani ya chuma ya kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover, akafupisha propela, na baada ya wiki kadhaa gari likapanda mlima likilia Kijapani. Hakuna aliyemlaumu, na mimi nilikuwa wa kwanza kusifu. Injini ya zamani iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Bodi nayo iliachwa: bampa ilipinda ikabaki imepinda, taa moja ikafungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, turubai likachanika. Lililokuwa linaendesha gari lilipata fedha. Lililokuwa linaonekana halikupata hata shilingi.

Havana wamepindua mpangilio huo. Humo ndani mna Hyundai, Lada, Volga, na vipande ambavyo hata mwenyewe hajui vilitoka wapi, lakini ile nembo ya Chevrolet mbele ya boneti imesuguliwa mpaka herufi zimeanza kufifia. Kama nembo imepotea, mtu huchonga nyingine kwa alumini. Nimeona bampa iliyonyooshwa mara nyingi hivi kwamba ukipitisha kidole unahisi mawimbi. Nimeona pati imepakwa juu ya pati, na juu yake rangi inayong'aa. Na baadhi ya zile za wazi zilizo mbele ya Capitolio, kijana aliniambia kwa sauti ya chini, zilizaliwa na paa. Lilikatwa kwa msumeno baada ya watalii kuongezeka, kwa sababu mtalii hulipa zaidi akipigwa na upepo. Saa moja ya kuzungushwa humpatia dereva kiasi kinachozidi mshahara wa mwezi wa watumishi wengi wa serikali. Nani basi amwambie aheshimu kiwanda?

Huko Ulaya maneno hayo yangesikika kama kufuru. Nilipopita Ujerumani niliona namba za magari zinazoishia na herufi H, na mwenyeji wangu akanieleza. Tangu mwaka 1997 gari lililofikisha miaka 30, lililo katika hali nzuri na ambalo sehemu zake kuu ni za asili, huweza kupewa namba hiyo. Mwenye gari hulipa kodi ya mkupuo ya euro 191.73 kwa mwaka, injini iwe kubwa namna gani, na huruhusiwa kuingia maeneo ya katikati ya miji ambako magari ya moshi mwingi hayaruhusiwi. Lakini mkaguzi hufungua boneti. Injini iwe ya gari lile lile au ya ukoo wake, au badiliko liwe la aina iliyozoeleka gari lilipokuwa bado changa. Mercedes ya 1970 yenye injini ya Hiace haitapata H hata kama imeng'arishwa kuliko kioo. Nilimwona mwenyeji wangu akinunua mpira mmoja wa mlango kutoka kwa karakana ya kiwanda chenyewe, mpya, umefungwa kwenye mfuko wenye namba. Gari lake lilitoka bandani Jumapili za kiangazi, likarudi jioni, likafunikwa blanketi.

Tusidhani kwamba kwetu hatuna watu wa namna hiyo. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hufanyika mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 chini ya klabu ya wenye Alfa Romeo, na mpaka leo majaji huinama kutazama hata sehemu ya chini ya gari. Nimewahi kusimama pale nikitazama Peugeot 404 iliyosafishwa mpaka kwenye nati za magurudumu. 404 ilishinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, kwenye matope na vumbi letu wenyewe, na 504 ikaja kushinda mwaka 1975 na 1978. Lingekuwa jambo la ajabu kuiwekea mshindi kama huyo injini ya Nissan, nilidhani siku ile. Nikiwa na maji ya kunywa mkononi, kivulini, nilidhani kwa urahisi sana. Nje ya geti, 504 pikapu zilizozeeka zilikuwa zinapita zimebeba nyasi za ng'ombe, na sikuuliza chini ya boneti zake mna nini.

Baada ya Cerro niligundua kwamba nilianza kuyapanga magari kichwani kwa anayelipa. Ujerumani, serikali humpunguzia kodi mtu anayeitunza injini ya kiwandani, naye huitunza. Havana, mtalii hulipia sura, kwa hiyo sura haiguswi na kilichofichika kinabadilishwa. Lushoto kabichi ndiyo iliyolipa, na kabichi haijali sura wala historia. Inataka kufika Mombo kabla ya jua kali. Mimi mwenyewe, kama ningepewa Bel Air ile ya waridi na pochi niliyo nayo, ningefunga dizeli ya Toyota 3L bila kusitasita, na ningelala usingizi.

Ila sikuwa tayari kuachia hapo, kwa sababu ya mzee mwingine niliyepelekwa kumwona Vedado.

Huyu ni mwalimu mstaafu. Nyumba yake ina veranda yenye nguzo, na geti la chuma lililosukwa maua. Gari liko ubavuni mwa nyumba: Chevrolet ya 1954, kijani kilichopauka, rangi ambayo haijaguswa mahali pengi. Baba yake aliinunua ikiwa mpya. Inatembea, na inatembea kwa dizeli, kama zote. Aliwahi kuvumilia injini ya asili mpaka petroli ilipomshinda, kwa bei na kwa foleni. Machi 2024 lita ya petroli ya kawaida ilipandishwa kutoka peso 25 hadi 132, na wakati mwingine hata mwenye fedha hakuipata. Siku hizi vijana wengi wa mtaa huo wananunua guta za umeme za Kichina, zenye magurudumu matatu, zisizohitaji foleni hiyo. Yeye hataki guta. Mkewe ana miadi ya hospitali kila mwezi.

Alichofanya ndicho kilichonivutia. Alikwenda kwa fundi wake na sharti moja: chesisi isikatwe. Vishikio vya injini mpya vikafungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwapo, havikuchomelewa. Giaboksi ya asili ya gia tatu ikabaki, na fundi akakereza sahani nene ya chuma kuiunganisha na dizeli, kwa hiyo lile bomba la propela na difu havikuguswa. Dizeli aliyoichagua ni ndogo, na kwa makusudi, ili giaboksi ya zamani isivunjike meno. Gari linakwenda polepole. Mlima wowote, alisema, wanazungumza kwanza. Kila kilichotolewa kiliwekwa: kabureta kwenye boksi la viatu, waya za plagi zimeviringwa, mota ya kufyonza ya waipa imefungwa kwa gazeti. Kazi hiyo ilimgharimu zaidi ya ile ya kukata na kuchomelea, kwa kuwa fundi alitumia muda mrefu akipima, na kupima ni kazi inayolipwa. Akaipunguza gharama kwa kufanya mwenyewe kazi ya kusafisha na kupaka rangi, na kwa kutokibadilisha kitu chochote ambacho bado kilifanya kazi.

Nikauliza injini yenyewe iko wapi, nikitegemea kusikia habari za chuma chakavu. Akafungua mlango wa sebule. Ilikuwa kwenye kona, juu ya kigari cha mbao chenye magurudumu manne, imefunikwa kwa shuka lenye maua, na juu ya shuka mkewe alikuwa ameweka chombo cha maua ya plastiki na picha ya mjukuu. Alitoa picha, akatoa maua, akafunua. Silinda sita, lita 3.9, imepakwa mafuta isishike kutu. Kila wiki huizungusha shafti kwa spana, robo mzunguko, ili ringi zisigandamane na silinda. Mkewe alipita na kahawa, akatazama juu, akasema jambo fupi ambalo kijana hakulitafsiri.

Tuliketi. Mzee akaleta daftari la shule lenye mistari. Humo ameandika kila kitu kinachohitajika ili injini irudi mahali pake: pistoni, ambazo anazo, ringi, ambazo mpwa wake aliyeko Hialeah, Florida, alimtumia kwenye sanduku la msafiri, mbili mbili, pampu ya maji, iliyotengenezwa upya Havana, gasketi ya silinda hedi, bado. Mbele ya "bado" ameweka tarehe, na baadhi ya tarehe zimekatwa zikaandikwa nyingine. Hana haraka. Alisema akifa kabla, mwanawe atajua pa kuanzia, na kama mwanawe hataki, basi angalau mnunuzi atapata gari zima, ingawa katika vipande viwili.

Akaniuliza kama Dar es Salaam kuna mahali panapouzwa gasketi ya Chevrolet ya silinda sita. Nilimwambia ukweli: Gerezani na Ilala unaweza kupata injini ya 3L asubuhi na giaboksi yake mchana, na mtu wa kukubebea mpaka gereji, lakini gasketi ya Chevrolet ya 1954 sijawahi kuiona na sidhani kama ipo. Akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika "Toyota 3L, Dar es Salaam", akapiga mstari chini yake, na kuniuliza ina kilo ngapi.